Maisha ya Mwalimu Jagadish Chandra Bose na Mawimbi Yapenyayo Mti

Mtu wa Muleba hahitaji kufunzwa habari za mgomba. Tunda lake ni chakula, jani lake ni sahani na mwavuli, na ganda lake kavu likisokotwa huwa kamba ya kufungia kuni au kumfunga mbuzi malishoni. Wataalamu wa mimea hutuambia kwamba mgomba si mti hasa, kwa kuwa shina lake ni maganda ya majani yaliyokumbatiana tu. Hilo na tuwaachie wenyewe. Jambo tunalolihitaji katika makala haya ni kwamba maganda hayo yana nyuzi, na kwamba nyuzi hizo zimelala upande mmoja. Katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, mwalimu mmoja wa fizikia katika mji wa Calcutta, nchini India, alichukua nyuzi za mgomba, za nanasi na za juti, akazipitishia mawimbi ya aina mpya ambayo yalikuwa yamegunduliwa miaka michache tu kabla ya hapo. Aliyoyaona yamo leo katika msingi wa njia mojawapo ya kupima ubora wa mbao bila kuzikata wala kuzivunja. Mwalimu huyo aliitwa Jagadish Chandra Bose.

Tunayasimulia maisha yake katika jarida la walimu kwa sababu kazi yake kubwa ilifanywa na mtu aliyekuwa na vipindi vya kufundisha kila siku na ambaye chuo chake hakikuwa na maabara ya kumfaa. Mwanachuo anayehitimu na kupangwa katika shule isiyo na hata kabati moja la vifaa vya sayansi hukabiliwa na uamuzi mapema sana: ama afundishe sayansi kwa chaki peke yake, watoto wakariri, ama atafute njia nyingine. Bose alikabiliwa na uamuzi huohuo.

Alizaliwa tarehe 30 Novemba 1858 katika Bengal ya Mashariki, sehemu ambayo leo ni nchi ya Bangladesh. Wakati huo sehemu kubwa ya India ilikuwa chini ya utawala wa Waingereza. Baba yake, Bhagawan Chandra Bose, alikuwa amewahi kuwa mwalimu mkuu wa shule kabla ya kuingia katika utumishi wa serikali kama hakimu. Mtu mwenye cheo cha namna hiyo alitazamiwa ampeleke mwanawe katika shule ya Kiingereza, maana huko ndiko ilikokuwa njia ya kupata kazi na heshima. Mzee Bhagawan hakufanya hivyo. Alimpeleka mtoto katika shule ya kijiji iliyofundisha kwa Kibengali, kwa kuwa aliamini kwamba mtu sharti aijue kwanza lugha yake na watu wake, ndipo aiendee lugha ya wageni.

Katika shule hiyo Jagadish aliketi kati ya mtoto wa mtumishi wa baba yake, aliyekuwa Mwislamu, na mtoto wa mvuvi. Kutoka kwao alisikia habari za ndege, za wanyama na za viumbe wa majini, habari ambazo hazikuwamo katika kitabu chochote cha shule. Baadaye maishani alieleza kwamba hamu yake ya kuchunguza maumbile ilianzia kwenye masimulizi ya wenzake hao. Wakirudi nyumbani, mama yake aliwapa wote chakula bila kubagua, ingawa alikuwa Mhindu mshika dini na desturi za wakati huo ziliwatenga watu kwa tabaka na kwa dini. Hata aliyempeleka shuleni hakuwa mtu wa kawaida: alikuwa mnyang'anyi wa zamani ambaye hakimu mwenyewe alikuwa amemfunga gerezani, na kifungo kilipokwisha akamwajiri nyumbani kwake. Mtu huyo alimbeba mtoto mabegani huku akimsimulia visa vyake vya porini.

Habari za shule hiyo ya kijiji zinatugusa karibu. Tangu mwaka 1967 Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia katika shule zetu za msingi za serikali, na katika vijiji vya Muleba mtoto mara nyingi huingia darasa la kwanza akiwa na Kihaya cha nyumbani. Mtoto huyo anaijua miti. Anaujua mshambya unaotoa nguzo za nyumba, anaujua mhumula unaorefuka upesi. Mwalimu anayeanza somo la mimea kwa kuwauliza watoto majina wanayoyajua, na matumizi wanayoyaona nyumbani, amepata msaada ambao kitabu hakiwezi kumpa.

Jambo jingine la utotoni lilimfaa Bose maisha yake yote. Baba yake alipokuwa akifanya kazi katika mji wa Burdwan, homa ya malaria iliua watu wengi na kuacha yatima wengi. Mzee Bhagawan alifungua karakana katika kiwanja cha nyumba yake ili vijana hao wajifunze useremala na ufundi wa vyuma. Huko mwanawe naye alishika patasi na tupa. Katika India ya siku hizo, kijana wa tabaka la wasomi hakutazamiwa kuchafua mikono yake, na huenda bila karakana ile tusingekuwa na lolote la kusimulia hapa.

Mwaka 1869 alipelekwa Calcutta kwa masomo ya juu zaidi, na hatimaye akaingia Chuo cha Mtakatifu Xavier cha mapadri Wajesuiti. Mwalimu wake wa fizikia, Padri Eugène Lafont kutoka Ubelgiji, alikuwa maarufu katika mji mzima kwa kufundisha kwa majaribio yaliyofanywa mbele ya macho ya wanafunzi. Bose alipata shahada yake mwaka 1879, na mwaka uliofuata akaenda Uingereza kusomea udaktari. Afya yake ilikuwa mbovu, na harufu ya chumba cha kupasulia maiti ilimzidishia ugonjwa, hata ikambidi aache. Alihamia Chuo cha Christ's katika Chuo Kikuu cha Cambridge, akasoma sayansi, na miongoni mwa walimu wake alikuwamo Lord Rayleigh, mmoja wa wanafizikia wakubwa wa zama hizo. Alimaliza mwaka 1884.

Mwaka 1885 alirudi nyumbani akaajiriwa kufundisha fizikia katika Chuo cha Presidency mjini Calcutta. Wakuu wa elimu hawakumpokea kwa furaha, kwa kuwa wengi wao waliamini kwamba Mhindi hana akili ya kufundisha sayansi zinazohitaji usahihi wa vipimo. Kulikuwa pia na kanuni ya mishahara: mwalimu Mhindi alilipwa theluthi mbili za mshahara wa Mzungu aliyefanya kazi ileile. Na kwa sababu uteuzi wa Bose uliitwa wa muda, hata hizo theluthi mbili zilikatwa nusu, akabakiwa na theluthi moja.

Alikataa kupokea. Alifundisha kwa miaka mitatu bila kuugusa mshahara huo, wakati ambapo baba yake alikuwa na madeni makubwa na yeye mwenyewe alikuwa ameoa mwaka 1887. Hapa inafaa tutue kidogo, kwani migogoro ya mishahara si migeni kwa walimu wa nchi yoyote. Bose aliugomea mshahara, hakuwagomea wanafunzi. Vipindi vyake viliendelea kila siku, na ubora wa ufundishaji wake ndio uliokuwa hoja yake. Mwishowe wakuu walisalimu amri: aliajiriwa moja kwa moja na kulipwa mshahara kamili, pamoja na malimbikizo ya miaka yote mitatu. Fedha hizo zilikwenda katika madeni ya baba yake.

Siku alipotimiza miaka 36, tarehe 30 Novemba 1894, aliazimia kufanya utafiti. Muda wake ulikuwa ni ule uliobaki baada ya vipindi. Chumba chake kilikuwa kijumba kidogo kando ya bafu la chuo, chenye eneo la futi 24 za mraba, yaani mita mbili za mraba na kitu kidogo. Fundi wake alikuwa fundi bati wa mtaani ambaye hakuwahi kusomea ufundi wa vyombo vya sayansi, na gharama zilitoka mfukoni mwa Bose mwenyewe.

Ili tuelewe alichokifanya, yatupasa kurudi nyuma miaka michache. Mwaka 1888, huko Ujerumani, Heinrich Hertz alikuwa amethibitisha kwamba cheche ya umeme hutoa mawimbi yasiyoonekana ambayo husafiri hewani, huakisiwa na bati na hupinda yakipita katika vitu fulani, sawasawa na mwanga. Leo tunayaita mawimbi ya redio. Hertz aliona hata kwamba yanapenya mlango wa mbao uliofungwa. Lakini mawimbi yake yalikuwa marefu. Katika majaribio yake mashuhuri, kutoka kilele cha wimbi moja hadi cha jingine palikuwa na sentimeta 66 hivi. Kwa hiyo vifaa vyake vilikuwa vikubwa ajabu: vioo vya bati vyenye kimo cha mita mbili, na mche wa lami wenye uzito wa zaidi ya kilo 500.

Vifaa vya jinsi hiyo visingeingia katika kijumba cha Bose. Alichofanya ni kuyafupisha mawimbi yenyewe. Alitengeneza vitoa-cheche vyenye vitufe vidogo vya madini, akapata mawimbi ya milimeta chache tu, mafupi zaidi yakiwa ya milimeta 5 hivi, ambayo hutikisika mara bilioni 60 kwa sekunde moja. Mawimbi ya jamii hiyo ndiyo yanayoitwa leo maikrowevu. Wimbi likiwa fupi, kila kitu kingine huwa kidogo: mrija mwembamba wa bati ulitosha kuliongoza, na vyombo vyote vya jaribio vilikaa juu ya meza moja. Ufinyu wa chumba haukuwa sababu pekee ya kufanya hivyo, maana Bose alitaka pia kuyachunguza mawimbi hayo kwa vipimo vya uhakika kama mwanga unavyochunguzwa. Lakini sababu hizo mbili zilielekea upande mmoja.

Mwaka 1895, mbele ya hadhara mjini Calcutta, aliyapitisha mawimbi yake katika kuta hadi chumba kingine, na huko yakalipua baruti kidogo na kugonga kengele. Watu walistaajabu. Kwa mtazamo wa mwalimu, hata hivyo, majaribio yake ya kimyakimya mezani yana thamani kubwa kuliko mlipuko ule.

Wimbi la umeme hutikisika huku likienda mbele, na mtikisiko huo una upande wake. Unaweza kuwa wa juu na chini, au wa kulia na kushoto. Bose alitaka kitu cha kulichuja wimbi kufuatana na upande wa mtikisiko wake. Hertz alikuwa ametumia fremu kubwa ya mbao yenye nyaya nyingi za shaba zilizopangwa sambamba. Bose alichukua kitabu. Kilikuwa kitabu cha ratiba za garimoshi, naye aliingiza karatasi za bati jembamba kati ya kurasa. Wimbi lilipita au lilizuiwa kulingana na jinsi kitabu kilivyoshikwa. Kisha akaonyesha kwamba hata kitabu cha kawaida kisicho na bati huleta tofauti hiyo, ingawa kwa kiasi kidogo, kwa sababu kurasa zake zimepangwa tabaka juu ya tabaka zenye hewa katikati.

Kutoka kitabu alikwenda kwenye mimea. Alijaribu nyuzi za mgomba, za nanasi na za jamii ya mkonge, na zaidi ya zote alitumia juti, zao ambalo Bengal ilijulikana kwalo duniani kote kwa ajili ya magunia. Zote zilichuja. Fungu la nyuzi zilizolala sambamba lilinyonya zaidi mawimbi ambayo mtikisiko wake ulifuata urefu wa nyuzi, na liliyaachia zaidi yale yaliyotikisika kwa kuzikata. Mwaka 1898 aliendelea mbele: alisokota mafungu ya juti, mengine kwa mkono wa kulia na mengine kwa mkono wa kushoto, akaonyesha kwamba mafungu hayo huuzungusha mtikisiko wa wimbi, yale ya mkono mmoja upande huu na ya mkono mwingine upande wa pili. Habari hizo zilichapishwa na Royal Society ya London. Zana zake zilikuwa malighafi ya magunia.

Jambo hili linaweza kufikishwa darasani kwa kamba ya mgomba. Funga ncha moja kwenye nguzo. Simamisha fito mbili wima, karibukaribu, na upitishe kamba katikati yake. Mwanafunzi akiitikisa kamba juu na chini, wimbi litapita kati ya fito hadi kwenye nguzo. Akiitikisa kulia na kushoto, litakomea kwenye fito. Kisha zilaze fito, na watoto wabashiri kitakachotokea kabla hawajajaribu. Zoezi hili halichukui hata dakika 20, nalo hufaa kwa darasa la sita au la saba. Lakini mfano huu una kasoro ambayo mwalimu sharti aijue, hata kama hataitaja. Kamba hupita pale mtikisiko wake unapofuatana na fito. Kwa wimbi la umeme na nyuzi mambo ni kinyume: wimbi linalotikisika kufuata urefu wa nyuzi ndilo linalonaswa, kwa kuwa huusukuma umeme ulio katika nyuzi kwenda na kurudi, na hivyo hupoteza nguvu zake humo. Wimbi halipiti katika upenyo kama mtu apitavyo mlangoni. Mwanafunzi anaweza kulibeba kosa hili kutoka shule ya msingi hadi sekondari.

Sasa tuutazame ubao. Ubao nao ni fungu la nyuzi, ambazo katika mti uliosimama zilielekea juu, kufuata urefu wa shina. Kwa hiyo ubao hulitendea wimbi kama juti ilivyolitendea. Katika miaka ileile ya 1890 wataalamu wa Ulaya, akiwamo Augusto Righi wa Italia, walionyesha jambo hilo kwa kutumia mbao zenyewe. Bose hakuwa mpimaji wa mbao, wala haifai kumpa sifa hiyo. Alichoacha ni vyombo vya meza na ufahamu wa jinsi mawimbi mafupi yanavyotendwa na nyuzi za mimea. Wengine walikuja kuutumia.

Umuhimu wake unaonekana katika dawati. Dawati likiundwa kwa mbao mbichi, za msonobari au mkaratusi, hupinda na kupasuka katika muhula wa kwanza, misumari ikalegea. Mti uliokatwa sasa hivi una maji mengi. Katika miti mingine uzito wa maji huzidi uzito wa mti mkavu. Maji hayo hutoka kwanza katika matundu ya ubao, na hapo ubao haubadiliki umbo. Unyevu ukishuka chini ya asilimia 30 hivi, maji huanza kutoka katika kuta za nyuzi zenyewe, nao ubao husinyaa. Jambo la pili ni mwelekeo wa nyuzi. Ubao ambao nyuzi zake zimekwenda mshazari, zikihama kipimo kimoja kwa kila vipimo vitano vya urefu, hupoteza karibu nusu ya nguvu yake ya kuhimili kupindwa. Kwa macho unaweza kuonekana mzuri kabisa.

Seremala mzoefu hugonga ubao akasikiliza, hupima uzito kwa mkono, hutazama nyuzi. Njia ya maabara ni ya uhakika zaidi, lakini ni ya kuharibu: hukatwa kipande, hupimwa uzito, hukaushwa katika tanuri kwa nyuzijoto 103 za Selsiasi mpaka uzito usibadilike tena, kisha hupimwa upya. Kipande cha gramu 150 kikibaki gramu 100, unyevu wake ulikuwa asilimia 50, kwani maji hulinganishwa na uzito wa mti mkavu. Jawabu ni sahihi, ila ni la kile kipande kilichokatwa, na ubao umekwisha kuharibiwa. Ukitaka kujua kama nguzo itavunjika kwa mzigo fulani, njia ya zamani ni kuipakia mzigo huo mpaka ivunjike. Utaijua nguvu ya nguzo ambayo huna tena.

Maikrowevu hupita katika ubao na kuuacha kama ulivyokuwa. Chembe ya maji ina upande wenye umeme chanya na upande wenye umeme hasi, hivyo hugeukageuka kulifuata wimbi na kulinyonya nguvu. Ndiyo kanuni inayopashia chakula moto katika jiko la maikrowevu. Kwa hiyo wimbi linalotoka upande wa pili wa ubao mbichi huwa limedhoofika sana kuliko lililopita katika ubao mkavu. Tena wimbi hucheleweshwa, na kuchelewa huko hutegemea kiasi cha maji pamoja na kiasi cha mti uliopo njiani, yaani uzito wa ubao kwa ujazo wake. Mwisho, mtikisiko wa wimbi hubadilika kufuatana na pembe ya nyuzi, kama ilivyokuwa kwa juti ya Bose. Mpimaji ana dalili tatu, na mambo anayoyatafuta ni matatu: unyevu, uzito kwa ujazo, na mwelekeo wa nyuzi. Mwaka 1985 watafiti watatu, James, Yen na King, walieleza njia ya namna hiyo katika chapisho la maabara ya mazao ya misitu ya serikali ya Marekani iliyoko Madison, Wisconsin. Baadaye vipimo vya maikrowevu viliingia katika viwanda vya mbao, ambako ubao hupimwa ukiwa unasafiri kwenye mkanda. Kazi hiyo si rahisi: fundo la tawi huvuruga wimbi, na joto la ubao nalo hubadilisha vipimo.

Shule ya msingi haihitaji chombo hicho ili iijue maana yake. Kipande cha mti mbichi kikipimwa kwa mizani kila Ijumaa kwa muhula mzima, na uzito ukachorwa kwenye grafu, watoto wataona mstari ukishuka kwa kasi, kisha ukinyooka. Watajua ni lini ubao ulikuwa tayari kwa seremala.

Tumrudie Bose. Mwezi Januari 1897 alionyesha vyombo vyake katika Royal Institution mjini London, na wanasayansi wakubwa wa Ulaya wakamsifu. Wengine walimshauri atafute mali kwa uvumbuzi wake. Hakupenda kuufanya ujuzi kuwa bidhaa. Hataza moja ya Marekani aliyopewa mwaka 1904, kwa kipokezi kilichotumia madini ya galena, ilitokana na msukumo wa marafiki zake. Wakati huo alikuwa amekwisha kugeukia jambo jingine. Aliona kwamba vipokezi vyake vikitumiwa sana huchoka, na vikipumzishwa hurudia nguvu, mfano wa msuli wa mnyama. Hapo alianza kuuliza kama vitu visivyo na uhai, mimea na wanyama huitikia misukumo kwa namna inayofanana, na swali hilo lilimchukua miaka yote iliyobaki. Alibuni chombo kilichokuza mwendo wa kuota kwa mmea mara elfu kadhaa, ukaonekana kwa macho. Baadhi ya wataalamu wa fiziolojia wa Uingereza walimpinga vikali, na si yote aliyoyasema kuhusu mimea yamekubaliwa na sayansi ya baadaye. Kwa maoni yetu, kazi yake ya mawimbi imesimama imara zaidi.

Alistaafu kufundisha mwaka 1915. Katika Chuo cha Presidency wanafunzi wake walikuwa pamoja na Satyendra Nath Bose na Meghnad Saha, ambao wote wawili walikuja kuwa wanafizikia wa sifa duniani. Tarehe 30 Novemba 1917, siku yake ya kuzaliwa, alifungua taasisi yake ya utafiti mjini Calcutta, na mwaka 1920 akachaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society. Aliandika pia kwa Kibengali, lugha ya ile shule ya kijiji. Tangu mwaka 1896 alikuwa amewatungia wasomaji wake hadithi ya kisayansi. Mke wake, Abala, aliyekuwa amesomea udaktari huko Madras, alianzisha mwaka 1919 chama cha kuwaelimisha wasichana na wanawake wa Bengal.

Jagadish Chandra Bose alifariki tarehe 23 Novemba 1937 katika mji wa Giridih, wiki moja kabla ya kutimiza miaka 79. Vyombo vyake vimehifadhiwa katika taasisi aliyoiunda, katika mji ambao sasa unaandikwa Kolkata. Miongoni mwa vitu vilivyopigwa picha huko ni mirija ya bati, kitabu cha ratiba za garimoshi chenye karatasi za bati kati ya kurasa, na fungu la juti.